Nduru ya Risper

Risper ulimsikia kabla hujamuona. Akiingia mlango wa chini wa jengo letu, pale Sharafiya, mjini Jidda, siye wa ghorofa ya tatu tulijua kama amefika, na jirani wa ghorofa ya pili, Myemeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili, naye alijua. Alikuja kununua vitumbua vya mama. Sikumbuki siku aliyopanda ngazi zile kimya.

"Risper, mwanangu, watu wamelala," mama alimwambia.

"Mama Ibti, sisi kwetu ukitaka chumvi kwa jirani huendi. Unaita tu, inakuja."

"Hapa ukiita watakuja polisi."

Alicheka, na kicheko chake ndicho kikawaamsha waliokuwa hawajaamka.

Kwao ni Ahero, Kenya, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake, Zipporah, na baada yake yuko ndugu mmoja tu, Japheth. Baba yao aliwaacha wadogo, na Zipporah akawalea kwa kulima mashamba ya watu. Risper alipokuja Jidda alimtumia mama yake kila alichokipata. Akimtaja hasemi "mama", husema "yule msichana wangu". Msichana wangu amenunuliwa viatu. Msichana wangu hataki kumeza dawa, ni mkaidi kama punda.

Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Kisaudi nyuma ya jengo letu. Alimwogesha, alimlisha, alimbeba kama furushi kutoka kitandani mpaka kibarazani. Yule bibi masikio yake yalikuwa mazito, ndiyo maana walipatana. Alipofariki, wanawe walikuja wakagawana vitu vya nyumba.

"Mimi na friji tumeangukia Riyadh," Risper alitwambia alipokuja kuaga. "Friji imewekwa kwa lori, mimi nimewekwa kwa basi."

Mama hakucheka.

Kafili mpya, yule mwenye kumshikia kibali chake, alikuwa mtoto mkubwa wa yule bibi, mwenye nyumba Malqa, kaskazini ya Riyadh, huko kwenye kuta ndefu na miti iliyokatwa sawasawa. Tangu hapo Risper akawa wa kwenye simu. Alikuwa akitutumia ujumbe wa sauti, na mama ana unga mikononi saa zote, kwa hiyo kazi ya kubonyeza ilikuwa yangu. Mie nilikuwa nyumbani. Shule yangu ilikatika mapema, ikama zetu, vibali vya kuishi, zilipokwisha, na zilipopatikana tena wenzangu walikuwa wameshanipita mbali.

Kitu cha mwanzo nilichokiona ni kwamba sauti yake imekuwa ndogo. Alizungumza kama mtu aliyejifunika shuka.

"Hapa hawataki kelele," alisema. "Si wabaya. Ni watu wa polepole. Madam analala alasiri, baba hataki kusikia hata kijiko kikigonga sufuria."

Nyumba hiyo ina binti, Jawahir, anasoma chuo. Anasomea mambo ya kutengeneza filamu; siku hizi Riyadh kuna majumba ya sinema na wasichana wanajifunza kazi hiyo. Mwalimu wake alimpa kazi ya kuandika kuhusu filamu za kutisha za Poland, zile za mambo ya kale, aeleze kwa nini wenzetu wale wanashtua watu namna ile na kwa nini kila kitu chao kinapita kiasi. Jawahir akaikubali kazi, lakini kumbe anaogopa kuziona peke yake. Kaka hana, na mama yake akisikia neno shetani tu anatoka chumbani. Basi kila alasiri, madam akilala, Jawahir alivuta mapazia, akawasha kiyoyozi, akamwita Risper aje akae naye kwenye zulia.

Sauti ya siku ile ya kwanza ilikuwa ndefu. Nilimshikia mama simu sikioni, naye anapiga unga.

"Mama Ibti, nisikilize. Leo nimeonyeshwa filamu ya Poland, sijui nikueleze aje. Ni zamani, kuna vita, watu wa Sweden wamekuja wamechoma kijiji. Theluji kila mahali. Halafu kunaingia ugonjwa, watu wanakufa kama kuku. Sasa mama mmoja ndiye amekufa wa kwanza, wanasema ati yeye ndiye anaita wengine huko chini. Wanamfukua! Wanamwekea mundu hapa kwa shingo ndio asiinuke. Na damu, aki ya Mungu, kama ile ya ng'ombe ya Krismasi. Na wote wanapiga kelele. Mwanzo mpaka mwisho! Mtu akisalimiwa, kelele. Akipewa mkate, kelele. Mwenye anaichukua hiyo picha naye anakimbia na wao, mimi nimeshikwa na kizunguzungu kama niko kwa gari."

"Astaghfirullah," mama alisema. "Hao wamepagawa. Ibti, mwambie asome Ayatul Kursiy."

"Mama, yule Mkristo."

"Basi asome yake."

Usingizi wa Risper ukaharibika. Akifumba macho anaona mundu. Akamwomba Jawahir amwache apige pasi wakati wa filamu, na Jawahir akamwambia, "Na mimi nikae na nani?" Si kwa ukali. Alimwomba, alimshika mkono. Risper alisema ukiombwa na mtoto wa mwenye nyumba hujui kama umeombwa au umeamrishwa, na wala yeye mwenyewe mtoto hajui.

Halafu Zipporah akaumwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Risper akamwendea baba wa nyumba, akaomba likizo na viza ya kutoka na kurudi, maana hiyo viza hawezi kuitoa mwengine ila kafili. Baba akasema inshallah, baada ya Idi. Idi ikapita, akasema inshallah, wageni waondoke. Mtu pekee anayemsikiliza baba ni Jawahir, na Jawahir aliahidi.

"Amesema amalize tu kazi ya chuo, halafu atamwingia baba siku ana moyo mzuri," Risper alitwambia. "Kwa hivyo mimi niko hapo kwa zulia, Mama Ibti. Nitaona Wapolandi wote mpaka waishe."

Akaona. Kila siku alitusimulia, na kila siku woga ulipungua kidogo, kikaingia kitu kingine. Mara moja alitwambia hivi:

"Leo nimegundua kitu. Hawa watu hawana mapepo. Wamefiwa. Angalia vizuri: bwana ameuawa vitani, bibi anatoka nje kwa theluji bila viatu, mikono kwa kichwa, anakimbia akiita jina. Wanamwitia padri, wanammwagia maji, wanamfunga kamba. Na mimi niko hapo nasema, wacheni huyo, si analia tu! Kwetu ndivyo tunalia. Nilitaka kumwambia Jawahir, lakini Kiarabu yangu ni ya jikoni. Nilisema 'hii huzuni, hii huzuni,' akasema 'eeh, inatisha sana.'"

Halafu akaeleza, na hapa sauti yake ilirudi kidogo ile ya ngazini kwetu. Kwao mtu akifa, ukiambiwa unapiga nduru hapo hapo uliposimama. Unakimbia nayo mpaka kwenye boma, unazunguka nyumba, unamtaja marehemu kwa jina na kwa mazuri yake. Usipopiga, watu wanaulizana: huyu kweli alikuwa anampenda? Na marehemu mwenyewe bado yupo karibu, anasikia nani kalia na nani kanyamaza.

Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Siye haifai," alinambia mie, si simu. "Jicho lilie, ulimi useme la kheri. Kujipiga na kupiga kelele imekatazwa." Kisha akaongeza, "Lakini maskini, kila watu na yao."

Zipporah alifariki hospitali, alfajiri. Japheth alimpigia dada yake na kumwambia mwili uko chumba cha maiti, mazishi yatakuwa Jumamosi ya wiki ya pili, wamempa nafasi ya kufika, kwani hakuna anayetaka kumfukia mama bila mtoto wake wa kwanza. Kisha akamwuliza, "Umelia?"

"Bado," Risper alimjibu. "Nitalia nikifika."

Tulisikia haya kutoka kwake mwenyewe asubuhi ile. Alikuwa jikoni, maji yanamiminika nyuma yake. "Madam amenikumbatia. Amesema nipumzike, nimesema shukran madam, nimeosha vyombo tu. Nikilia wataogopa. Wataona nimeharibika, na mtu ameharibika hapandishwi ndege. Kwa hivyo nimeamua nitakaa kama mtu mkubwa. Baba amesema atafikiria, na Jawahir anamwambia leo jioni. Leo jioni, Mama Ibti. Niombee na ile yenu pia."

Mama alimwombea. Mie nilimwombea. Sauti nyengine haikuja.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye, mengine kwa Jawahir, mengine kwa Risper mwenyewe.

Jawahir alikuwa amebakisha filamu moja. Alimwambia Risper leo asije, apumzike, ana msiba. Risper akasema hapana, atakaa. Aliona kama akimwacha msichana peke yake na woga wake alasiri, jioni atapata wapi nguvu ya kumsemea kwa baba? Akakaa pale pale pa siku zote. Mapazia yakavutwa.

Katika ile filamu kuna askari anarudi kijijini na farasi asiye na mtu juu. Wanawake wanamwona yule farasi, wanajua. Mmoja anaanza, halafu wote wanatoka majumbani, kwenye theluji, na kelele zao hazikatiki. Jawahir anasema sauti ilikuwa juu sana na alikuwa anatafuta rimoti aipunguze. Alipoinua uso, Risper alikuwa amesimama. Mikono juu ya kichwa. Mdomo wazi. Na ile sauti ilipotoka Jawahir hakujua ni ya ndani ya filamu au ya ndani ya chumba.

Alicheka. Alitwambia hivyo huku analia: alicheka, alidhani Risper anafanya mzaha, anaigiza.

Risper akafungua mlango wa kioo, akatoka uani. Akakimbia kuizunguka nyumba, kando ya ule ukuta mrefu, mtandio umeanguka, anaita, "Zipporah yoo! Mama yoo! Mwenye alinilisha kwa jembe, Zipporah!" Akazunguka mara ya kwanza, akazunguka tena. Madam aliamka akiwa hana hata viatu. Majirani wakatoka milangoni. Katika mtaa ule nadhani hapajasikika kitu kama kile tangu kuta zijengwe.

Walipomshika hakupigana nao. Alikuwa hajamaliza tu.

Simu ilikuja baada ya siku kupita, kwa namba ya Risper, lakini aliyesema ni Jawahir, kwa Kiarabu. Alitutafuta kwa sababu sauti nyingi kwenye ile simu zilikuwa zetu. Alisema Risper mgonjwa, ameguswa na kitu, wanamsomea Kurani. Alisema samahani, samahani, kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

Mama aliuacha unga kwenye beseni. Mjomba Hamad, ndugu yake, ana lori, anachukua mizigo bandarini Jidda anaipeleka maghala ya Sulay, huko Riyadh. Tulipanda naye, mama katikati, mie dirishani. Mama alikamata bati la vitumbua mapajani njia nzima. Mjomba alitushusha Sulay, kwenye vumbi na malori, akatutafutia teksi ya kwenda Malqa. "Nikishapakia narudi," alisema. "Msikawie. Na msigombane na watu wenye kuta."

Hatukugombana. Madam alitupokea vizuri mno. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya pole. Alitukalisha kwenye majlisi ya wanawake, akaleta kahawa na tende mwenyewe kwa mkono wake. Alikula kitumbua, akakisifu. Alimwuliza mama asili yake, mama akasema wazee wake walitoka Unguja wakati ule wa sitini na nne, na madam akasema masha Allah, watu wa Zanjibar ni watu wa dini.

"Madam," mama alisema, "Risper si mgonjwa. Analia mama yake."

"Dada yangu, mama mkwe wangu amefia mikononi mwake. Unadhani simtakii mema?" Aliweka kikombe chini. "Asubuhi alipofiwa nilimkumbatia mimi. Hakutoa chozi. Alisema shukran, akenda kuosha vyombo. Nikasema, mwanamke gani huyu mwenye subira. Alasiri akakaa mbele ya yale mambo ya mashetani, ndipo yakamtoka yaliyomtoka. Sasa niambie wewe: mama yake alikufa asubuhi au alikufa alasiri?"

Mama alikizungusha kikombe mkononi.

"Alijizuia," alisema mwishoni. "Kwao wanalia kwa kukimbia. Kwa kuita. Ndiyo desturi yao."

"Na wewe, Muislamu, unaliona hilo sawa?"

Mama aliangalia kahawa yake. Kama angesema ndiyo, pengine mambo yangekuwa mengine, au pengine yasingekuwa. Mama hajui kusema asichokiamini.

"Hapana," alisema. "Lakini si jini."

Jawahir alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, macho mekundu. "Mama," alimwambia mama yake, "hata katika filamu moja walifanya hivi hivi. Mwanamke alilia, wakadhani ana shetani, wakamletea padri. Hivi hivi."

"Umeona?" madam alisema, akatugeukia sisi. "Hata yeye anakiri ni kitu kile kile. Mlango ameufungua yeye na mapicha yake, kikatafuta aliye dhaifu kikamwingia."

"Sikusema hivyo, mama, nimesema..."

"Halas, Jawahir."

Jawahir akaangalia kucha zake, akaondoka. Filamu nyingi kaziona, na zote zile hazikumpa neno la kumrudishia mama yake.

Mama akajaribu njia nyengine. Akaomba Risper aruhusiwe kwenda kumzika mama yake, Jumamosi imekaribia. Madam alimshika mkono, na nilijua kabla hajasema kama litakuwa baya, kwa ule upole.

"Baba yake Jawahir alishakubali. Wallahi. Jioni ile ile alikuwa amekusudia kukata tiketi, hata kabla binti hajasema naye. Lakini mtu katika hali hii nani atampandisha ndege? Akipiga kelele kule juu? Akijidhuru? Huyu ni amana, dada yangu. Mungu ataniuliza mimi."

Mama akasema basi ampe yeye, akae naye Jidda mpaka atulie. Madam akasema kafili ni mume wake, akipotea ni wao watakaoulizwa, na mumewe hataki hata kulisikia.

Walituruhusu kumwona. Chumba chake kilikuwa kando ya chumba cha kufulia. Redio ndogo ilikuwa ikisoma Kurani kwa sauti ya chini, na chupa za maji yaliyosomewa zimepangwa dirishani. Risper alikaa kitandani, magoti pamoja. Sauti ilikuwa imemkauka, ikitoka kama mchanga.

"Mama Ibti. Wamekuleta."

"Nimekuja mwenyewe, mwanangu."

"Waambie mimi si mgonjwa."

"Nimewaambia."

"Na wamesema aje?"

Mama akamvuta kichwa akakilaza kifuani kwake. Risper alikuwa mkubwa kuliko yeye, ilibidi ajikunje.

"Nikinyamaza, yule shehe wa kunisomea anasema jini imejificha," alisema hapo hapo kifuani. "Nikilia, anasema imeanza kutoka, wananisomea zaidi. Sasa nifanye gani? Wewe unajua hawa watu. Niambie."

"Nyamaza," mama alisema. "Nyamaza kabisa, wakuone umetulia. Pengine utawahi mazishi."

"Nilinyamaza asubuhi ile. Ona imenifikisha wapi."

Mie nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilizishika chupa zile nikazipanga upya, na hazikuwa zimepangwa vibaya.

Mjomba Hamad alituuliza tulipopanda lori, "Haya, mmefanikiwa?"

"Wametupa kahawa," mama alisema.

Jumamosi mama hakuuza vitumbua. Mchana simu yake ililia, namba ya Kenya.

"Shikamoo mama. Mimi ni Japheth, ndugu ya Risper. Alinipa hii namba zamani, ati nikimkosa nipige kwako." Nyuma yake palikuwa na watu wengi na upepo. "Mama, tuko hapa nyumbani. Mchungaji amemaliza. Sanduku liko nje, jua ni kali. Tumengoja, tumengoja. Risper hashiki simu. Ata kama hajapanda ndege, tunataka sauti yake tu. Wazee wanasema asikike ata kwa simu, halafu tuteremshe."

"Ngoja, baba," mama alisema. "Ngoja kidogo."

Alichukua simu yangu akampigia madam. Haikupokelewa. Akampigia Jawahir. Jawahir alipokea akanong'ona: shehe yumo ndani na Risper, mlango umefungwa, baba amekaa nje ya mlango, hawezi kuingia, samahani khala, samahani.

Mama alirudi kwa Japheth akamwambia haiwezekani sasa hivi.

Japheth alizungumza na watu pale kwa Kijaluo. Tulisikia mzee mmoja akijibu kwa hasira, mwengine akimtuliza. Kisha akarudi. "Mama, wanauliza kama kuna mtu hapo anaweza kumlilia kwa niaba yake. Mtu amekaa na yeye. Ndio huyu mama asiende akifikiri mtoto wake mkubwa alinyamaza. Nitaweka simu karibu na sanduku."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Nilimwona anavuta pumzi. Mdomo wake ulifunguka, na kwa muda nikadhani nduru itatoka. Chini yetu Myemeni alikuwa anaburuta kiti. Shingo ya mama ilisimama mishipa.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, taratibu. "Mungu amrehemu mama yetu Zipporah. Mwanawe anampenda sana."

Upande wa pili Japheth aliwafasiria wazee.

"Asante, mama," Japheth alisema baadaye. "Wacha sasa tuendelee."

Hakuikata simu, pengine alisahau. Tukawasikia wanawake wa kwao wanaanza, mmoja, kisha wote, na ile spika ndogo haikuweza kuzibeba sauti zile. Ikawa inakwaruza tu. Mama aliilaza simu mezani kifudifudi. Hakuizima. Tulikaa nayo mpaka ikakatika yenyewe.

Alasiri ikaingia namba ya Risper. Safari hii alikuwa yeye.

"Mama Ibti! Wamenirudishia simu." Alizungumza polepole, kila neno limefutwa vumbi kabla ya kutoka. "Shehe ameridhika. Amesema nimetulia. Baba mwenyewe amekuja mpaka mlangoni, amesema nikikaa hivi hivi siku mbili tatu, bila kelele, anakata tiketi. Ameniambia kwa mdomo wake."

"Alhamdulillah," mama alisema.

"Nimefanya vile ulisema. Nimenyamaza ka jiwe." Akavuta pumzi. "Nampigia Japheth, hashiki. Najua leo ndiyo ilikuwa siku, lakini najua amesogeza. Si atasogeza? Hawawezi kuanza bila mimi."

Mama alinitazama. Nyuma ya Risper tulisikia ndara za mtu zinapita kwenye marumaru, zinasimama, zinapita tena.

"Mama Ibti? Amekupigia?"

"Kanipigia," mama alisema.

"Amesema aje?"

Mama alifumba macho. "Kasema wanakungoja."

"Nilijua," Risper alisema. "Nilijua Japheth hawezi." Na akaanza kueleza, kwa sauti ile ile ndogo, nguo atakayomvisha Zipporah, ile ya buluu ya kwaya, kwamba hataki mtu mwengine ashike nywele zake, atazisuka mwenyewe, na viatu atamvisha vile alivyomnunulia. Mama alikuwa akiitikia. Eeh, mwanangu. Eeh.